Barua ya Mwenye Nyumba

Fomu ya kuomba kupanga ilikuwa ya kurasa mbili. Mshonaji aliijaza pembeni ya cherehani yake: jina, kazi, namba ya simu. Nakala ya kitambulisho na picha mbili ndogo zilikuwa tayari. Kalamu ikagoma kwenye mstari mmoja: barua kutoka kwa mwenye nyumba wako wa sasa.

Mwenye nyumba wake alikuwa kaka yake. Tangu afiwe na mume, miaka tisa sasa, alikuwa akilala chumba cha nyuma kwa kaka, na hakuna aliyejua kwamba anatafuta pa kuhamia.

Kaka alikuwa kinyozi. Mshonaji alimkuta dukani akisafisha mashine, akampa fomu bila maneno mengi. Kaka akaisoma, akaikunja, akaikunjua tena.

"Wifi yako kakukosea?"

"Hakuna aliyenikosea, kaka."

"Watoto wanakusumbua?"

"Hao ndio nitakaowakumbuka kuliko wewe."

Hakucheka. "Sasa unakwenda kutafuta nini?"

"Mlango wangu. Nikifunga nimefunga mimi, nikifungua nimefungua mimi."

"Iache hapo," kaka akasema, akarudi kwenye mashine.

Siku tatu alimnunia. Mezani aliomba chumvi kama anayezungumza na mgeni. Siku ya nne wifi akamvuta jikoni.

"Ameandika barua mara nne, anachana tu. Ya kwanza alisema wewe ni mpangaji msumbufu, ili wakukatae. Nikamwambia akiipeleka hiyo, tutahama wote wawili, mimi na wewe."

Asubuhi yake barua ilikuwa juu ya cherehani, pamoja na fomu. "Huyu ni dada yangu," iliandikwa. "Amekaa kwangu miaka tisa na sina la kumlaumu. Paa likivuja mtengenezeeni upesi, maana yeye halalamiki. Ataweka ndoo na kunyamaza."

Mshonaji aliisoma amesimama, kisha akakaa.

Mama wa ofisi ya upangishaji aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Mwenye nyumba gani huyu anayenipa masharti?"

"Ni kaka yangu."

"Nimeona," akasema, akaibana pamoja na fomu.

Ijumaa alipigiwa simu: amekubaliwa. Siku ya kuhama kaka alifunga duka, akaibeba cherehani mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, akikataa kusaidiwa. Akaiweka dirishani, akajaribu kitasa, akafungua bomba. Kisha akaketi sakafuni, jasho likimtiririka, akivuta pumzi.

"Pana hewa," akasema.