Nyota Chini ya Mwaka

Meza ya fundi saa ilikuwa dirishani, na cherehani ya mkewe ilikuwa ng'ambo ya chumba hicho hicho. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyesema jambo ambalo mwenziwe hakulisikia. Ndiyo maana siku fundi aliponunua sarafu mtandaoni, aliinunulia chooni.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaziba. La kulia nalo lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alikuwa amempangia kupasuliwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Fedha ya jicho ilitoka kwenye cherehani, sare za shule za muhula mzima, na mke aliituma kwenye simu ya mumewe ili alipe mwenyewe. Siku ya tano simu ikalia mezani. Mke akaipokea. Mwanamke wa hospitali aliuliza kama mgonjwa bado anaitaka nafasi yake.

"Baba, fedha ya jicho iko wapi?"

Fundi aliweka chini koleo yake. Hakuwa mwongo, alikuwa mzito wa kusema tu.

"Inakuja kwa posta," alisema.

Akaeleza polepole, kama anayefungua saa skrubu moja baada ya nyingine. Ilikuwa sarafu ya zamani yenye meli upande mmoja na mwaka upande wa pili. Za mwaka ule zilikuwa nyingi, hazina bei. Ila chache zilipigwa nyota ndogo chini ya mwaka, na moja ya hizo ingelipia macho yote mawili na chenji ikabaki. Mkusanyaji mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alishamwambia: ukiiona, niwekee, lakini isiwe imeguswa. Ikipata mkwaruzo mmoja, ni chuma kama misumari.

"Muuzaji amesema ina nyota?"

"Hajui alichonacho. Ila kuna mtu tulikuwa tunapandishiana bei naye. Angepandia nini kama hajaiona hiyo nyota?"

"Labda naye alikuwa anakutazama wewe."

Fundi viatu wa jirani, aliyekuwa mlangoni akisubiri saa yake, alicheka. "Kununua mbuzi kwenye gunia naelewa," alisema. "Wewe umenunua picha ya gunia."

Fundi saa alikuza picha kwenye simu mpaka ikawa vipande vya rangi, akamsogezea mkewe.

"Mimi naona uchafu," mke alisema.

"Unamsikia?" Fundi alimgeukia jirani. "Ameshona kaptura za watoto maisha yake yote. Kitu kidogo kuliko kifungo, kwake hakipo."

Wanaume wakacheka. Mke akarudi kwenye cherehani, akashona mfuko, akagundua ameushona juu chini, akaufumua.

Kifurushi kilifika Alhamisi asubuhi. Fundi alinawa mikono, akaikausha, akaishika sarafu kwa kingo zake. Ilikuwa nyeusi kwa umri. Aliipima kwenye mizani yake ya vipuri, akaigonga taratibu kwenye kioo na kusikiliza.

"Uzito sawa," alisema. "Mlio sawa."

Kisha akabana lenzi kwenye jicho la kulia. Aliielekeza sarafu dirishani, akaielekeza kwenye taa, akaigeuza kidogo, akairudisha. Muda ulikwenda. Jicho lilianza kutoa machozi, akalifuta kwa mkono wa shati.

"Mama, hebu njoo."

Hakuwa amewahi kumpa mtu lenzi ile. Sasa aliivua na kumwekea mkononi, ikiwa bado ina joto lake.

"Chini ya mwaka. Usiniambie ninachotaka kusikia. Niambie unachoona."

Mke aliinama. Kwanza aliona weusi, kisha mwaka, kisha, chini yake, nyota. Ilikuwa na ncha tano, kali, kama imepigwa jana.

Akaishusha lenzi.

"Hakuna kitu," alisema.

"Tazama tena."

"Nimetazama. Labda ni kidogo kuliko kifungo."

Fundi aliichukua sarafu, akaiweka kwenye kisahani cha skrubu. Hakusema neno mpaka jioni. Mke aliushona ule ukimya pamoja na kaptura zake, na moyoni alikuwa na hesabu iliyo wazi: mkusanyaji hupita Jumamosi. Siku mbili tu. Acha aive kidogo.

Ijumaa alipeleka sare shuleni. Njiani kurudi hasira ilikuwa imekwisha. Alifikiri atamwambia hata kabla ya kuvua viatu, na akawa anachagua maneno: *Baba, vaa shati zuri, kesho una mgeni.* Alicheka peke yake barabarani.

Alipofungua mlango alisikia saa ikigonga.

Ilikuwa saa ya ukuta ya marehemu mama yake. Ilikuwa imesimama miaka kumi na moja kwa kukosa kile kisahani cha chini kinachobembea, na miaka kumi na moja fundi alikuwa akisema atakitafuta. Sasa kisahani kilikuwepo. Kiling'aa. Mezani palikuwa na keekee, tupa, na kitambaa chenye dawa ya kung'arishia shaba.

"Nimekula jicho langu na jasho lako," fundi alisema bila kugeuka. "Nikaona chuma hiki angalau kikufanyie kazi moja. Nimetoboa kwa kupapasa. Tundu limekaa katikati?"

Mke alisogea ukutani, akasimamisha saa kwa mkono. Tundu lilikuwa juu ya mwaka. Kingo zilikuwa zimepigwa tupa pande zote. Chini ya mwaka nyota ilikuwa pale pale, nzima, na sasa ilionekana hata bila lenzi.

"Baba," alisema. "Ilikuwa na nyota. Jana niliiona."

Fundi aligeuka. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo mke hakuwa ameliona tangu watoto wakiwa wadogo.

"Usihangaike, mama. Nimeshakubali."

"Naiona sasa hivi. Ina ncha tano. Nilikudanganya ili uumie."

"Wewe?" Alicheka kidogo. "Hujui kudanganya hata bei ya kitambaa. Unataka nisijione mjinga."

Mke alitoka nje, akamvuta fundi viatu kwa mkono mpaka mbele ya saa. "Mwambie. Hapo chini pana nini?"

Fundi viatu alikaza macho. Akamtazama mama mtu mzima aliyekuwa bado amemshika mkono, akamtazama mumewe, akafikiri anajua anachoombwa.

"Nyota," alisema kwa upole. "Eeh, nyota kabisa, fundi. Kubwa."

"Asante, ndugu yangu," fundi saa alisema. "Nyote mna roho nzuri."

Jumamosi mkusanyaji alipita, akaona tundu, akaenda zake bila kuuliza bei. Jumatatu ya mwisho wa mwezi ilipita kama Jumatatu nyingine. Kufikia msimu wa sare mpya, fundi alikuwa anakaa mezani kwa mazoea tu, mikono juu ya koleo. Saa ya ukuta haikupoteza hata dakika. Mara tatu kwa siku fundi huuliza inasema saa ngapi, na mke husimama mbele ya ile nyota inayokwenda na kurudi, akamsomea.