Mtu Alikaa Kwenye Kiti Hiki

...na mstari wa kijani kwenye kioo cha kompyuta umesimama palepale, umekwama kama mzee anayepumzika katikati ya ngazi, haupandi haushuki, fundi anaukodolea macho, mimi namkodolea macho fundi, na kikombe changu kimeshapoa mkononi, si nikiweke chini basi, siwezi, mkono umesahau kazi yake, amesema nini huyu dada fundi, hebu rudia polepole kichwani kabla hajaongeza jingine, amesema huyu mdudu hakuingia mwenyewe, ndivyo alivyosema, sauti ameishusha, jicho amelitupa upande wa jikoni ambako mume wangu anachemsha maji ya chai ya pili huku akipiga mluzi, akasema, "Dada, huyu hakutoka kwenye mtandao. Mtu alikaa kwenye kiti hiki akamweka," na mimi, mjinga mimi, nimeangalia kiti. Kana kwamba kiti kitajibu. Kiti changu hiki chenye mto nilioushona kwa pazia la zamani, nimekikalia mpaka kimechukua umbo langu, nimewapigia chapa watu tasnifu zao na wosia zao na barua zao za kuomba kazi, hakuna mwingine anayekikalia, mume wangu husema kinamuumiza mgongo, hupita mbali nacho... husema.

Nilimwita kwa sababu ya matangazo tu, hayo ndiyo yaliyonishinda, napiga tasnifu ya mwanafunzi wa dini, nimefika kwenye sura ya toba, anachomoza mwanamke nusu uchi ananiambia nimeshinda gari, nikimfunga anakuja na dada yake, mashine nzito, nabonyeza herufi leo inatokea kesho, nikadhani ni vumbi, nikaipuliza, mume wangu akasema tuitupe tu hiyo, nitakununulia mpya, akasema hivyo huku ananishika bega, na nikamkumbatia, mimi, nikamkumbatia jamani, lakini kazi za watu zimo humo, siwezi kutupa kazi za watu, nikamtafuta fundi yeye akiwa kazini, na leo amerudi mapema, amemkuta fundi ameshafungua begi lake mezani, akasimama mlangoni kidogo, kidogo tu, halafu akacheka, karibu fundi, akaenda kupika chai nyingine. Alisimama. Niliona aliposimama, nikadhani kiatu kinambana.

Fundi ameeleza vizuri, sina la kumlaumu, ameeleza kama anayemweleza mgonjwa, kwamba wadudu wako wengi humu, wale wa matangazo ni chawa tu, wanakera lakini hawaui, anawafagia wote kwa mara moja, ila chini yao amejificha mmoja asiye na picha wala jina, kazi yake ni kuandika kila herufi ninayobonyeza, kila moja, hata ninazofuta, na jioni anazifunga pamoja anazituma kwa mtu. Huyu ndiye aliyefungua mlango, amesema, alichukuliwa bure mahali pachafu, akaacha mlango wazi, chawa wakamfuata nyuma. Nikamuuliza, mwizi? Mwizi wa benki? Akatikisa kichwa, akasema mwizi wa benki angeshachukua chake akaenda, huyu amekaa muda mrefu, ametulia, na amewekewa kufuli ili mwenye mashine asimwone, kisha akageuza kioo kidogo upande wangu, kidogo tu, akaweka kidole chini ya anwani ya barua pepe inayopokea, akanywa chai yake. Na anwani ile naijua. Naijua kwa sababu niliifungua mimi, kwenye kiti hikihiki, yeye amesimama nyuma yangu anacheka, mimi na hizi mashine ni paka na maji, mke wangu, nifanyie wewe, nikamwandikia jina lake la utani la enzi za mpira, Kipa, na mwaka wetu wa ndoa, akasema safi sana, sasa nitaisahauje... hakuisahau. Mtu anayebonyeza kwa kidole kimoja, anayeniita nimchapie hata barua ya likizo, amejifunza haya yote lini, alikaa hapa lini, nilikuwa sokoni? Nilikuwa nimelala? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimekaa napuliza vumbi.

"Fundi anatumia sukari?" Sauti yake hiyo, kutoka jikoni, changamfu. Fundi anasema viwili, shemeji, ahsante. Mimi haniulizi. Ananijua mimi. Subiri, subiri kidogo... sukari. Sikumwambia. Katika nyumba hii nilikunywa chai tamu miaka yote ya ndoa kwa sababu mama yake alinipokea na chai tamu, akasema mke asiyependa sukari ana roho chungu, nikameza, nikaendelea kumeza, sikumwambia mtu hata mmoja, nilimwandikia dada yangu tu, siku moja nimechoka, nikamwandikia, hata chai ya nyumba hii imenishinda kwa utamu, na wiki ileile mume wangu akaniletea kikombe, nikaonja, haikuwa na sukari. Nikamtazama. Akatabasamu. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji nikalia kwa furaha, mwanamke mzima, nikasema kumbe huyu mtu ananisikia, nimeishi na ukuta muda wote huu na leo ukuta umeota masikio.

Ukuta ungekuwa heri, ukuta haufungi mlango kwa nje ukaenda kazini na ufunguo mfukoni, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha, asubuhi nasikia ufunguo ukigeuka, nasimama dirishani nampungia jirani kama mtu asiye na shida, na simu alikuwa anaichukua waziwazi kila jioni anaisoma, mume na mke hawana siri, basi nikajiona mjanja, nikasema kompyuta hii ni shamba langu, huyu hata kuiwasha hajui, yote nikayaandika humu. Dada yangu mkubwa alishaniandalia chumba cha nyuma, alinunua kitanda, alinipigia picha shuka, akanitafutia kazi kwa mtu wa kiwanda cha kuchapa vitabu, tulikubaliana mvua zikikatika nakwenda, bila kumuaga mtu. Mvua zikakatika, na chai ikaja bila sukari.

Na baada ya chai mengine yote, yananijia sasa yamefuatana kama kurasa zinazotoka kwenye mashine, nimemwandikia dada miguu inaniuma kwa viatu hivi, naletewa viatu, nimemwandikia mlango ule, nitakufa siku moja humu moto ukiwaka, ufunguo naachiwa mezani, hakuna maelezo, uko mezani tu, nimeandika haniulizi nataka nini, naulizwa unataka nini, na mimi nikamwandikia dada kwamba sijui nini kimempata, amekuwa mtu mwingine, Mungu ameniona, na hilo nalo alilisoma. Alikaa mahali akasoma sifa zake. Sijui alicheka. Ukiona vyaelea vimeundwa, wanasema, na mimi fundi wa maneno sikuuliza nani ameunda.

Ah, na baba. Asinigusie baba. Jumapili ile ya mayai, mume wangu alikuwa anamenya yai, akaliweka chini, akanitazama, machozi yakamjaa, macho yale ambayo sijawahi kuyaona yamelowa, akasema, "Nilikuacha uzike baba yako peke yako." Basi. Hakujitetea, hakusema kazi ilikuwa nyingi, hakusema nauli. Kwa sentensi hiyo moja nilibaki. Nilimwandikia dada siji, akanisihi, akaniandikia mtu habadiliki kama nguo, nikamjibu hujamwona, ungemwona usingesema hivyo... nilikuacha uzike baba yako peke yako... ni yangu. Hiyo sentensi ni yangu! Mpiga chapa gani asiyejua sentensi yake, nilimwandikia dada, laiti angesema tu, nilikuacha uzike baba yako peke yako, laiti angesema hivyo ningemsamehe mengine yote, nimeiandika kwa vidole hivi, akaiokota, akaisubirisha mpaka Jumapili, akanirudishia na machozi yake juu, na mimi nikaipokea kama ya mtu mwingine. Nilimsamehe kwa maneno yangu mwenyewe. Namchukia, nimpe nini kingine, namchukia mpaka meno yanauma, na bado mluzi wake ni mzuri, hata hilo linanitia hasira.

Fundi ananitazama sasa, ananisubiri, kumbe ameniuliza kitu. Nimemuuliza na mimi, sauti yangu inatoka mbali, neno la siri nalo analichukua? "Anachukua kila unachobonyeza, dada." Kila. Basi na la barua zangu analo, basi anaweza kuingia akaandika kama mimi, na nimeganda hapa, kwa sababu ujumbe wa mwisho wa dada yangu nimeusoma mara ngapi bila kuuelewa, nimeyasoma maneno yako, sikujua unaniona hivyo, sitakusumbua tena, nikadhani amekasirika kwa kuwa sikwenda, nikasema naye ana kiburi, nikakaza shingo, nilipompigia simu ilikuwa imefungwa kwangu, nikasema shauri yake. Maneno gani? Nilikuwa sijamwandikia neno. Alimwambia nini dada yangu kwa mkono wangu? Alimtaja mtoto wake aliyemzika? Alijua pa kupiga, mimi ndiye niliyemwonyesha pote, vidonda vyake vyote vimo humu, tuliviandika pamoja, na dada yangu amelala na shuka zile za chumba cha nyuma akiamini ni mimi, mdogo wake aliyembeba mgongoni, niliyemwambia hivyo.

"Nimfute?" fundi amesema, kidole kiko juu ya kitufe, na jikoni vikombe vinagongana, sinia linashushwa, mume wangu hatakawia. Mfute, ndiyo, mng'oe, mchome... na jioni? Jioni barua yake haiji. Atasubiri, atafungua mara ya pili, atajua kwamba najua, na yule wa zamani aliye chini ya viatu na machozi na chai isiyo na sukari bado yupo, hakwenda popote, nani alisema amekwenda, ni mimi niliyesema, ufunguo mezani utarudi mfukoni. Nikimtoboa jicho hili moja atafungua yale mengine. Lakini anachosoma, anakiamini. Hilo ndilo sikuwahi kulifikiria, anaamini kila neno, hana mahali pengine pa kunijua. Hanijui huyu mtu. Anazijua herufi zangu.

"Wengine wafute wote," nimemwambia. "Huyu mwache." Amenitazama juu ya miwani, nimeona swali likija, nimeona likirudi lilikotoka, huyu dada si mtoto, amefungua mashine za nyumba nyingi. Ameondoa kidole. Ameinama kama anayetafuta waya begini, akasema, "Dukani kwangu kuna mashine safi. Na simu yangu haisomwi na mtu." Hayo tu, na akaendelea na waya wake, na mimi nikaona chumba cha nyuma, kitanda, sijui kama bado kipo, sijui kama atapokea, nikaona pia nitakachoandika leo hapa, dada, najua hunijibu, lakini ujue nimetulia, siendi popote, kompyuta imepona, tunafikiria kupaka rangi sebule. Sebule ataipenda. Atakuja na rangi.

Mlango unasukumwa kwa kiwiko, mluzi unaingia kwanza, kisha sinia, kisha yeye, imepona, fundi? Inaendelea kupona, shemeji, chawa wengi lakini wanaisha, na ameangalia kioo haraka, haraka sana, hakuona alichokiogopa, mabega yakashuka, na mimi nimeyaona mabega. Amechukua kikombe kilichopoa mkononi mwangu, ameweka cha moto, mkono wake uko juu ya bega langu, kwenye kiti changu. "Unawaza nini, mke wangu?" Swali hilo... hajaniuliza tangu kikombe kile cha kwanza, hakuwa na haja, jioni alikuwa analetewa. Leo hajaletewa bado. Nikatafuta cha kumpa, nikapata sentensi ya zamani, niliyomwandikia dada wiki ile ya viatu, sijaitamka kwa mdomo kwa mtu yeyote duniani, nikamtazama usoni nikaisema kama ilivyo, "Nawaza, nikizaliwa tena nitakuja kuolewa nyumba hiihii." Na akatabasamu. Hakushangaa. Aliitambua, nimemwona akiitambua, mdomo wake umetangulia kidogo kabla sijamaliza. Mstari wa kijani bado umesimama palepale. Nimepuliza chai, nikanywa.