Tawi Lililolalia Paa la Jiko

Tangu msumeno wa mnyororo umrukie na kumchana bega la kushoto, Kabari hakuweza tena kuubeba. Mkono ule ulitosha kushika kikombe na kufunga vifungo vya shati, basi. Watu walimwita Kabari kwa sababu hakuwahi kwenda kazini bila vipande vyake vya mbao vya kuchomeka kwenye mkato ili gogo lisiubane msumeno. Kazi ilimponyoka, jina likabaki.

Msumeno ulihamia kwa mkewe. Kabari alimfundisha mwenyewe uani, kwa magogo yaliyolala chini, na kwa miezi kadhaa nyumba ilikula kutokana na magogo hayo. Mdogo wake Kabari hakuridhika. Kwake, chombo cha kazi cha familia hakikai kwa mtu anayejifunza, na alilisema hilo mara nyingi kiasi kwamba mama yao alichoka.

Upepo ulipovunja tawi kubwa na kulilaza juu ya paa la jiko la mama, mama alitoa hukumu kabla hata ya kunywa chai. "Tawi likitoka na paa langu likabaki zima, msumeno ni wa mkwe wangu, na nisisikie neno tena. Paa likibonyea, apewe mdogo wako."

"Mama, hilo paa lilishabonyea zamani," mdogo mtu akasema.

"Nalijua kila bonyeo lake. Usinifundishe jiko langu."

 Mke wa Kabari alikuwa akivaa buti, suruali nzito, glavu, kofia ngumu yenye wavu wa uso na viziba masikio. Aliujaza msumeno mafuta mbali na jiko lenye moto, akaupangusa, akavuta mnyororo kidogo kwa kidole kuona kama umelegea. Kabari alimtazama kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua, akisubiri pale wengi wanapokosea. Hakukosea.

Tawi lilikuwa refu, limelala mshazari. Shada lake la majani yaliyolowa lilikandamiza bati, na kitako chake kinene kilizama katika lundo la majani chini. Katikati, nyuma ya tangi la maji, lilijificha kwenye vijitawi.

"Anzia kitakoni," Kabari aliamuru. "Huko ndiko uzito ulipo. Tukiupunguza, linalobaki tutalivuta kwa kamba."

Ndivyo alivyoanza kila mara, kwenye unene. Mkewe aliitika kwa kichwa. Aliuweka msumeno chini, akafunga breki ya mnyororo, akakanyaga mpini wa nyuma kwa buti na kuvuta kamba ya kuwashia. Ulipokubali, aliunyanyua kwa mikono miwili, vidole gumba vimezunguka mipini, akasimama kando ya njia ya mnyororo. Mama alirudi nyuma hadi mlangoni mwa nyumba. Mdogo mtu alikunja mikono kifuani.

Kaupepo kakapita. Kitako kikatikisika.

Mwanamke yule akazima msumeno.

"Petroli imeisha?" shemeji yake akauliza. "Au moyo?"

 Mke wa Kabari alichukua ufagio wa uani, akapenyeza mpini wake ndani ya lundo la majani, chini ya kitako. Uliingia upande mmoja na kutokea upande wa pili.

"Baba watoto, njoo uone. Hakijagusa ardhi."

Kabari akaja, akainama. Kweli, kitako kilikuwa kinaning'inia. Akazunguka tangi, na huko nyuma akakiona alichopaswa kukiona asubuhi: panda ya tawi, nene kama paja, imejichimbia udongoni na kulibeba tawi zima katikati, kama ubao wa bembea ya watoto. Kitako upande mmoja, paa upande mwingine. Mkewe angelikata kitako, uzito wote wa shada ungelishukia bati mara moja.

 Miaka yote ile alikuwa akiyasoma matawi mbele ya watu, na leo alilisoma hili akiwa amekaa kwenye kiti, upande mmoja tu.

"Nilikosea," akasema kwa sauti ambayo mama yake na mdogo wake waliisikia.

"Msumeno wa mkono uko wapi?" mkewe akauliza. "Ule wa kufunga kwenye ufito mrefu."

"Shemeji," mdogo mtu akaguna, "umeshika mashine, unatafuta chombo cha babu?"

"Mashine hainyanyuliwi kupita bega, ni hatari. Wewe shika kamba."

Akashika. Kabari alipouleta ule wa mkono, mkewe alisimama kando, akawa anapunguza shada kitawi kwa kitawi, na shemeji akivuta kila kilichokatika. Kabari alitazama kitako. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha majani chini yake yakaanza kugandamizwa, polepole, na upande wa pili ncha ya tawi ikaachana na bati bila kelele. Mama alisema, "Eeh," kwa sauti ndogo.

Kamba ikafungwa kitakoni, wakalivuta tawi nyuma hadi likalala lote uani, mbali na ukuta. Hapo ndipo msumeno ulipowashwa tena. Mke wa Kabari alilikata tawi kuwa magogo kwa mpangilio, akiiepusha ncha ya msumeno isiguse kitu, kwani ncha ndiyo iliyomrukia mumewe. Palipokuwa na uwazi chini ya gogo, alikata kidogo upande unaobanwa, akamalizia upande unaovutwa, na kila kipande kikaanguka bila kupasuka. Kabari hakupata la kusahihisha. Alijikuta hatafuti.

Mama alitoka mlangoni, akalikagua bati mwanzo hadi mwisho. "Limechubuka," akatangaza.

"Kuchubuka si kubonyea," mdogo mtu akasema, na wote wakamgeukia, kwa kuwa hawakutarajia yeye ndiye atakayesema. Akakohoa. "Kaka, gogo hilo la mwisho, naweza kujaribu?"

"Muulize mwenye msumeno," Kabari akajibu.

Mwenye msumeno aliinua wavu wa uso, akamtazama shemeji yake miguuni, kwenye ndala zilizoliwa kisigino.

"Kavae viatu kwanza," akasema, akakaa juu ya gogo kumsubiri.