Chukudu ya Viti Viwili

Hata hatua kumi kigari cha watoto hakikufika. Gurudumu la mbele lilinasa kati ya mawe mawili ya lava, kiti cha kushoto kikainama, na Victoire akabaki ameshika mpini kama mtu aliyekabidhiwa mbuzi asiyetaka kutembea.

"Sukuma na nguvu, mama!" alisema Masika, mwenye duka la mitumba pale Mabanga. "Pusete ya Bulaya iyo. Iko na place mbili, iko na frein ya kusimamisha, iko na kivuli ya jua. Mapacha wako batalala humo kama batoto ya ministre."

"Batalala chini," alisema Ntirenganya.

Alichuchumaa akalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Miaka arobaini alikuwa akichonga chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili ambavyo viazi na makaa ya Goma husafiri juu yake, na gurudumu la plastiki alilidharau bila kuficha.

"Hii banatengeneza ju ya barabara yenye iko kama meza," alimwambia Victoire, binti yake. "Kwetu itavunjika mbele ya kufika Munigi. Tena ni pana. Siku batu banajaa njiani, utapitia wapi?"

Victoire alikuwa amewafunga watoto wote wawili mwilini, Gakuru mgongoni na Gato kifuani, kama alivyofanya kila siku tangu wazaliwe miezi saba iliyopita. Njia nzima kutoka Munigi baba yake alikuwa akinyoosha mikono ampokee japo mmoja. Hakupewa.

"Basi utengeneze wewe, papa," alisema. "Lakini nitachagua mimi."

Kwa nini alitaka kigari, wote wawili walijua, na hakuna aliyethubutu kuitaja sababu. Miaka miwili iliyopita, vita vilipoingia kijijini kwao Rugari, walishuka barabara ya Goma pamoja na maelfu ya wengine. Laurent, mume wa Victoire, alikuwa kazini kwenye bandari ya Kituku akipakua mashua. Victoire alitangulia na godoro kichwani. Nyuma yake Ntirenganya alisukuma chukudu kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto alimshika Henri, mjukuu wake wa miaka mitatu, mwana wa Victoire. Karibu na Kibumba mzigo ulilegea. Gunia la maharagwe likaanza kuteleza, naye akaachia mkono mmoja ili alidake. Akaachia wa kushoto. Maharagwe aliyaokoa. Alipogeuka, mtoto hakuwepo.

Jina la Henri liliandikwa kwenye orodha ya watoto waliopotea, likatangazwa redioni, likasomwa kanisani Jumapili nne. Ntirenganya aliwaambia wote kwamba umati ulimpokonya mtoto. Gunia hakulitaja. Yale maharagwe waliyala wiki tatu kambini. Victoire hakumuuliza neno. Afadhali angemtukana mbele za watu, yakaisha.

Kazi ilichukua siku tisa. Kila asubuhi Victoire alikuja kwenye kibanda cha baba yake kando ya barabara ya Munigi, akaketi na wanawe juu ya gogo la mkaratusi, akachagua. Viti visikae ubavu kwa ubavu bali kimoja mbele ya kingine, ili chukudu ipenye hata penye nafasi ya mtu mmoja. Iwe na magurudumu matatu, isianguke ikisimama. Mbao za kiti cha Gakuru na cha Gato, Ntirenganya alizikata siku ile ile, kutoka gogo lile lile, maana kwao mapacha hawapewi mmoja leo na mwingine kesho. Hilo hakuhitaji kuambiwa.

"Bote bawili bataangalia nyuma," alisema Victoire.

"Batoto banapenda kuona njia."

"Njia ina nini ya kuona? Mimi nataka nione sura zao. Zote mbili, kila saa."

Ntirenganya akakipandisha kiti cha mbele shubiri moja, ili uso wa Gakuru uonekane juu ya kichwa cha Gato. Akayafunga magurudumu kwa mpira wa tairi kuukuu na kuupigilia misumari. Kisha akapakia mafurushi mawili ya viazi, kila moja uzito wa mtoto, akasukuma chombo juu ya mawe mpaka jasho likamtoka. Hakikuanguka kiazi hata kimoja. Alijikuta anacheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu Kibumba, akaona aibu.

Siku ya tisa Victoire aliizunguka chukudu mara mbili.

"Imebakia kitu moja. Weka kamba hapa pembeni. Ikuwe na kitanzi ya kuingiza mukono."

"Mukono ya nani?"

"Weka tu, papa."

Ntirenganya alidhani ameelewa. Binti yake bado alikuwa anamngoja Henri. Akachukua kamba laini, akaizungushia kitambaa cha kitenge isije ikachubua ngozi. Kipimo hakukitafuta mbali: aliweka kiganja juu kidogo ya goti lake, pale ngumi ya Henri ilipokuwa ikifika walipotembea pamoja. Mtoto wa miaka mitano angekuwa amekwisha kupapita hapo. Alilijua hilo kama fundi, alilijua kama babu, lakini kisu kilikata kwa kipimo cha zamani. Akaifunga kamba chini, kwenye mbao za ubavuni. Victoire aliivuta mara mbili kuona kama inashika, halafu akaenda kunyonyesha.

Hazikupita wiki mbili, saa mbili asubuhi, bomu likaanguka ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la mahindi la jirani. La pili halikungojwa na mtu. Munigi yote ilitoka nje na masufuria, magodoro na kuku, ikaelekea mjini. Laurent alipiga simu mara moja kabla mtandao haujakatika: waje Kituku, kuna mashua, angewangojea kwenye soko la samaki.

Victoire aliwakalisha watoto vitini, Gakuru juu, Gato chini, akawafunga kwa vitenge. Ntirenganya alitupia mfuko wake begani, wenye msumeno, randa, patasi na nyundo, kila kitu alichokuwa nacho duniani, akaenda moja kwa moja kushika mpini. Mikono yake ilikwenda huko yenyewe.

"Apana, papa. Mimi njo nitasukuma."

Akarudi nyuma. Alikuwa amelitegemea jambo hilo bila kujiambia, kwamba siku ikifika atawasukuma yeye, na huenda hapo angeweza kupumua. Sasa hata hilo amenyimwa.

"Basi nitafwata nyuma."

"Nyuma wapi? Leta mukono."

Alimpa wa kulia.

"Ya kushoto," alisema Victoire.

Akakiinua kitanzi, akakiingiza kwenye kifundo cha mkono wa baba yake, akakikaza. Akavuta mara mbili, kama siku ile kibandani.

"Siku ile niligeukaka," alisema, bila kupandisha sauti. "Pale Kibumba. Nilionaka gunia, nilionaka na mukono yako."

Ntirenganya alivikunja vidole vya mkono ule juu ya kamba.

"Leo hautaachilia," alisema Victoire, akashika mpini.

Wakaingia barabarani. Chukudu ilipita juu ya mawe bila kuyumba, ikapenya kati ya watu kama walivyotaka ipenye. Lakini kamba ilikuwa fupi. Aliikata yeye mwenyewe kwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu, na mzee wa miaka sitini na mitano hakuweza kwenda nayo ila ameinama, kiganja chake juu kidogo ya goti. Kisu kilikuwa mfukoni mwa suruali. Hakukitoa.

Walipokaribia njia panda watu walisongamana, mtu akampiga kikumbo, na mfuko wa vifaa ukaanza kuteleza begani. Aliuhisi ukishuka, kwanza kwenye kiwiko, halafu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Akanyoosha vidole, akauacha uende. Nyuma yake nyundo iligonga jiwe, na watu wakairuka wakaendelea.

Victoire hakugeuka. Mbele yake, moja juu ya nyingine, nyuso mbili zilimtazama.