Kuku Aliyeambiwa Habari za Mawingu

Mke wa Kinyakyusa hazungumzi na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, jina lake halitaji, na akimsikia anakohoa njiani, yeye huingia kichakani. Wapo wanaosema ni mila nzuri yenye heshima. Huenda. Lakini walioiweka mila hiyo hawakuwa na shamba la viazi bondeni mwezi wa Juni, wala baba mkwe mbishi kama mzee Anania wa Uyole.

Mwaka huo wa 1954 ugonjwa ulikuwa umekausha viazi vya masika kila mahali. Mbegu pekee iliyobaki kwa ukoo mzima ilikuwa kwenye matuta ishirini ya mzee Anania, kando ya mfereji. Yakifa hayo, mvua zitarudi na hakuna cha kupanda. Wiki nzima wingu la kijivu lilikuwa limelala juu ya bonde, manyunyu hayakatiki, na mzee akaifunika miche kwa nyasi kavu kwa kuogopa baridi.

Alhamisi mbingu ikafunguka. Mzee alikwenda mjini Mbeya, dukani kwa Mansoor, kwenye redio ya betri, akasikia utabiri: anga angavu, upepo hafifu. Alirudi anapiga mluzi.

"Baridi imekwisha, Komba!" akamwambia mbwa wake, maana mkewe na mwanawe Asukile walikuwa msibani Tukuyu. Akavua koti, akashika reki, akaanza kuondoa nyasi ili viazi viote jua.

Tusekile, mke wa Asukile, alimwona kupitia ua wa matete nyuma ya jiko. Yeye alizaliwa Iringa. Baba yake, Timotheo, alikuwa mpima hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege, na alimfundisha kuigawa mbingu mafungu manane na kuhesabu mangapi yamefunikwa. Alimfundisha na majina ya mawingu: kumulasi, yale kama mafungu ya pamba. Sirasi, yale membamba ya juu kabisa kama manyoya. Na stratasi, lile la kijivu la chini ambalo kila mtu hulilaani.

"Usililaani," Timotheo alikuwa akisema. "Hilo ndilo blanketi la ardhi. Mchana linakunyima jua, lakini usiku haliachi joto litoke. Iogope mbingu tupu mwezi wa Juni."

Sasa Tusekile aliinua macho. Pamba za asubuhi zilikuwa zimeyeyuka zote. Sifuri kwa nane. Redio ilikuwa imesema kweli tupu, ila mzee aliielewa kichwa chini miguu juu.

Angemtuma nani? Jirani yao Damari alikuwa bado sokoni. Kumpigia kelele baba mkwe ilikuwa aibu ambayo ingefika Iringa kabla ya barua. Reki ilikuwa imefika tuta la nne. Hasira zikampanda, na hapo akamwona kuku wake akiparua majivuni.

"Kishungi!" akapaza sauti, mgongo ameuelekeza shambani, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi. "Huna akili wewe! Unashangilia mbingu tupu, mawingu sifuri kwa nane? Usiku joto lote litapaa, na alfajiri sakitu itashuka bondeni, umande wote ugande! Viazi vilivyovuliwa nguo vitakuwa vyeusi kabla ya saa nne!"

Reki ikanyamaza.

"Komba," mzee akasema upande wa pili wa ua, "unamsikia kuku anayetaka kunifundisha kulima? Nimelima hapa kabla yai lake halijatagwa."

"Kishungi, sikufundishi kulima," Tusekile akamjibu kuku. "Tazama mwenyewe. Jua likikaribia kuzama upepo utakufa, na moshi wa majiko hautapanda, utatanda bondeni. Ukiuona hivyo, ujue baridi imeshaanza kukusanyika chini. Usipouona, nichinjwe mimi badala yako."

Mzee akacheka, akaendelea kuondoa nyasi. Lakini ilipofika saa kumi na moja upepo ulikata. Damari alikuwa amerudi na kuwasha moto. Moshi wake ukapanda hadi usawa wa paa, ukasita, kisha ukalala na kutambaa juu ya mfereji. Mzee Anania aliutazama, akageuza macho kwenye matuta yaliyo wazi.

"Komba," akasema, na sauti ilikuwa imepungua, "rudisha nyasi."

Mbwa habebi nyasi, na Tusekile alijua anayeambiwa. Akaanzia mwisho mmoja wa shamba, mzee akaanzia mwingine, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, wakifunika tuta baada ya tuta. Yalipobaki matuta mawili katikati, mzee aliweka reki chini, akakohoa na kuondoka, ili mkwe amalizie bila kukutana naye.

Asubuhi bonde lote lilikuwa jeupe. Tusekile aliinua nyasi kwenye tuta la kwanza: majani mabichi, mazima. Akakimbilia la pili, la tano, la ishirini. Mazima! Akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje. Maharage yao yalikuwa yamelala chini, na kufikia saa nne yalikuwa meusi kama masizi.

"Nani alikwambia, mzee?" Damari akauliza, machozi yakimlenga.

"Aliambiwa kuku," mzee akajibu, "mimi nikasikia tu. Ila usilie. Mbegu hii itatutosha sote."

Jioni ile majirani walijipanga kando ya mfereji wakingoja habari za usiku. Mzee Anania alisimama nje ya ua wa matete na mbwa wake, akavua kofia.

"Ndaga fijo, Komba," akasema kwa sauti ya kusikika, asante sana ya kwao. "Na leo mbinguni ni mangapi kwa nane?"

Watu wote wakageuza masikio kuelekea jikoni.

"Saba, Kishungi," Tusekile akamwambia kuku. "Leo lala."