Mung'unye Juu ya Ukuta wa Kauthar

Kabla ya alfajiri nasikia birika likiwekwa sakafuni nje ya mlango wangu, taratibu, kifuniko kikigonga mara moja. Ni Kauthar, mke wa mwanangu Anuari. Kila siku ananipashia maji ya kutawadhia, kwa sababu anajua viungo vyangu vinakataa baridi. Hajaacha hata siku alizoumwa. Nalitanguliza hilo, maana nitakayoyasema kuhusu maua yake si mazuri.

Zamani kati ya nyumba yetu hapa Unyambwa na ya Theresia palikuwa na ua wa minyaa, wenye upenyo wa kupitisha bakuli. Mimi na Theresia tulizeeka tukipitishiana chumvi, makaa na habari za watu. Kisha Anuari akapata pesa. Aling'oa minyaa, akajenga ukuta wa tofali za saruji, mrefu kuliko mtu aliyesimama juu ya kiti. Upande wetu ulikuwa mtupu kama ukuta wa ghala la alizeti. Nilikaa kibarazani nikiutazama, nao ukinitazama.

Ukuta ulipokwisha, Theresia alizunguka mpaka barabarani kuniletea mlenda. Kauthar alifungua kidirisha kidogo cha geti, akapokea bakuli, akasema asante, akafunga. Hakumwamkia shikamoo. Hakumkaribisha. Mtu mwenye umri wa mama yake! Nilipofanikiwa kuinuka kwenye mkeka, Theresia alikuwa ameshaondoka.

Tangu siku hiyo hakuja. Nikisikia anaita kuku wake nilipaza sauti, "Mama Paschal, umeamkaje?" Naye alijibu, "Salama, Mama Anuari," kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina ofisini, basi. Kwenda kwake kwa barabara miguu yangu haiwezi tena. Niliona wazi kwamba nitakufa nikiwa na rafiki hatua chache kutoka kitandani kwangu, nisimwone.

Kauthar hakuliona hilo. Yeye aliona ukuta mtupu, na dada zake wa Dodoma walikuwa wanakuja baada ya mvua.

"Mama, tazama," akanionyesha simu. "Ukuta wa watu wa Dar. Majani mpaka juu."

"Na majani hayo yatakunywa maji ya nani?"

"Mama naye! Maji si yapo?"

Yapo, mwezi ambao bomba limekumbuka kazi yake.

Kwanza alileta bogenvilia. Fundi akapigilia ukutani fremu za vijiti vya mbao vilivyopishana kama wavu, ili ipande. Haikupanda. Ilijikunja chini, ikatoa miiba, na maua yake ni kama karatasi za peremende zilizotupwa. Hailiwi, hainukii, inachoma. Hata mbuzi walioingia siku geti lilipoachwa wazi waliigusa kwa midomo, wakaenda kula kamba ya nguo.

Akaleta asumini. Asumini naiheshimu, bibi yangu alitoka nayo pwani kwenye nywele. Lakini uliipanda mahali ukuta unapopigwa na jua kutwa nzima, mwanangu? Ikawa njano kama mgonjwa wa manjano, ikafa bila kumsumbua mtu.

Cha tatu kilikuwa kile cha majani madogo kinachojigandisha chenyewe. Muuzaji aliapa kingefunika nyumba. Kilipanda kiasi cha goti, kikabanduka na rangi yote ya ukuta, kikalala chali.

"Kimekufa na rangi ya laki mbili," alisema Anuari, akaingia ndani.

Ndipo mung'unye likatokea. Lilianza kama vidole viwili vya kijani juu ya ukuta, vikipapasa. Asubuhi ya pili vilikuwa vimeshika fremu. Hakuna aliyelialika. Theresia alikuwa amelipanda upande wake mvua zilipoanza, nalo likapanda tofali bila fundi na bila kuapiwa na mtu.

"Hilo dude la shambani," Kauthar alisema. "Kesho nalikata. Dada zangu watasema tumefuga bustani ya mboga sebuleni."

"Likate," nikamwambia. "Halafu uwaonyeshe ile miiba yako."

Hakulikata. Jioni lilifungua maua meupe, makubwa, nikamwona amesimama dirishani na mwiko mkononi, mboga ikiungua jikoni. Kesho yake aliliwekea maji ya kuoshea mchele. Kwa wiki chache fremu zote zilijaa, na mung'unye la kwanza likaning'inia upande wetu, laini, lenye nywele.

Asubuhi moja alikuja na kisu.

"Leo nalipika na karanga, mama. Utafurahi."

"Weka kisu chini."

"Kwa nini? Liko ndani ya geti langu."

"Na mzizi uko wapi?"

Nikamweleza tulivyolelewa kule kijijini Mkiwa. Tunda la mtambao likining'inia kwa jirani, jirani halikati. Anakwenda kumwita mwenye mbegu, aje alikate kwa mkono wake, wale pamoja. Ukilikata peke yako umesema kwamba humhitaji.

"Nitamtuma msichana wa kazi."

"Hutumi mtu. Wewe ndiye uliyefunga kidirisha."

Uso ulimwiva. Nilidhani ataenda zake chumbani. Akaweka kisu kibarazani, akajitanda khanga, akatoka.

Nilikaa nikisikiliza. Ng'ambo ya ukuta nikasikia, "Shikamoo, mama," kwa sauti ndogo. Halafu kimya. Theresia hajawahi kuwa mwepesi wa kusamehe, na kimya chake kina uzito wa gunia. Mwishoni nikasikia, "Marahaba. Umepotea njia?"

Waliingia getini wawili. Theresia alinishika mikono yote miwili, akaitazama miguu yangu iliyovimba, akatikisa kichwa. Kisha akageukia ukuta.

"Ukuta wote huu mnamwogopa nani? Kuku wangu?"

"Mama Paschal," nikamwambia, "hivi ulilipanda pale makusudi?"

"Makusudi kabisa. Nilichoka kuutazama ubaya wenu. Nilitaka niufunike." Akaikagua bogenvilia kwa ncha ya kandambili. "Na hiki ni nini?"

"Ua, mama," alisema Kauthar.

"La nini?"

Kauthar alicheka kwanza yeye, akiziba mdomo kwa khanga. Nilicheka mpaka ubavu ukauma.

Theresia alilikata mung'unye, Kauthar akalimenya, karanga zikatwangwa. Tulikula watatu kwenye sinia moja, na Kauthar alimchagulia Theresia vipande vya katikati, vile laini, bila kuambiwa na mtu. Theresia alivila bila kumsifu. Alisema chumvi imezidi.

Jua lilipopungua alijifunga kitenge chake. Kauthar alimsindikiza, na safari hii alifungua geti zima, mabawa yote mawili, kama linavyofunguliwa ili gari la Anuari lipite.

"Basi, nitakuja lingine likikomaa," Theresia alisema.

"Usingoje mung'unye, mama," Kauthar akamwambia. "Njoo tu."