Mdogo Wangu, Kwangu!

Kwa miaka sita Sindano alicheza beki wa kushoto, na kwa miaka yote hiyo nyuma yake alisimama kipa mmoja tu, mwanamke mrefu ambaye mashabiki walimwita Komeo. Katika ligi kuu ya wanawake wachezaji huhamahama kama wapangaji, lakini wawili hawa walikaa. Walilala chumba kimoja katika hosteli ya timu, wakachangia ndoo moja na kioo kimoja kilichomeguka pembeni.

Komeo alimzidi miaka saba. Hakumwita Sindano hata siku moja. Alimwita mdogo wangu. Uwanjani, mshambuliaji akimbana, sauti ile nene ilitoka golini: "Mdogo wangu, kwangu!" Sindano hakuhitaji kugeuka. Aliurudisha mpira nyuma, na Komeo akaupokea kwa mguu, maana sheria haimruhusu kipa kudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake, kisha akaupiga mbali. Mambo yakaisha.

Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, timu ya mji mwingine ikamtaka Sindano. Wenyewe walitaka acheze mbele, kwa sababu ya mbio zake. "Usimwambie mtu mpaka karatasi zisainiwe," meneja wao akamwonya. Naye hakumwambia mtu. Ukweli ni kwamba onyo lile lilimfaa, kwa kuwa hakujua angeyatazama vipi macho ya Komeo. Aliondoka Jumanne asubuhi, Komeo akiwa zahanati kuangaliwa kidole kilichoteguka. Alitandika kitanda vizuri, akafagia, akaenda zake.

Huko alikokwenda hawakuwa watu wabaya. Siku moja ya mvua nahodha alimwachia mwavuli wake, mwenyewe akarudi nyumbani analowa. Lakini wote walikuwa wenyeji wa mji ule, na mazoezi yakiisha kila mmoja alishika njia ya kwao. Sindano alirudi kwenye chumba chenye vitanda viwili, kimoja mbao tupu, juu yake ameweka begi. Akazoea kusema na birika. "Haya, chemka basi, unamsubiri nani?" Alicheka peke yake, na kicheko cha mtu mmoja hakichukui muda kwisha.

Alimwandikia Komeo. Kwanza jumbe ndefu za simu, halafu fupi, halafu maneno matatu tu: "Dada, u mzima?" Zilisomwa zote. Haikujibiwa hata moja.

Kwa hiyo ratiba ya mzunguko wa pili ilipobandikwa ukutani, na wenzake wakaanza kupiga hesabu za pointi, yeye aliona kitu kimoja tu: Jumamosi ya tatu wanakwenda kucheza kwenye uwanja wake wa zamani. Hakutaka mengi. Alitaka Komeo amwambie neno, hata kama neno lenyewe litakuwa tusi.

Siku hiyo mtu wa kwanza kumwona alikuwa mama wa jezi, aliyewafulia nguo miaka yote ile. Aliweka beseni chini, akafuta mikono kwenye khanga.

"Mwanangu, umekonda! Huko hawana masufuria?"

"Wanayo, mama. Ila mpishi ndiye mimi."

"Basi nimeelewa."

Wakacheka. Kisha Sindano akauliza, akitazama viatu vyake, "Dada hajambo?"

Mama wa jezi akaliokota beseni lake. "Siku uliyoondoka alirudi na mkate wa watu wawili. Ukakaa mezani mpaka ukawa mgumu kama tofali. Sikuambii ili ulie. Nakuambia ujue."

Timu zilipopeana mikono kabla ya mchezo, glovu ya Komeo iligusa vidole vya Sindano na kupita. Macho yake yalikuwa juu ya kichwa cha Sindano, kama mtu anayetazama iwapo mvua itanyesha.

Mchezo ulikuwa mgumu. Mashabiki wa zamani hawakumhurumia. "Sindano imeota kutu!" mmoja akapiga kelele, na jukwaa zima likadakia. Kila akigusa mpira, kutu, kutu, kutu. Alikaza meno. Dakika ya themanini bado hakukuwa na goli. Ndipo mpira ukamwangukia katikati ya uwanja, akamzunguka kiungo, akampita beki aliyerithi nafasi yake ya zamani, na mbele yake akabaki Komeo peke yake. Goli lilikuwa wazi kulia na kushoto. Nyuma yake alisikia vishindo vya miguu vikimkaribia.

"Mdogo wangu, kwangu!"

Mguu haukuuliza kichwa. Ulifanya ulichofanya miaka sita: ukausukuma mpira taratibu, kwa upande wa ndani wa kiatu, moja kwa moja kwa mwenye sauti.

Komeo aliinama na kuudaka kwa mikono miwili.

Kwa mikono. Hapo ndipo Sindano alipojua hasa kwamba amehama. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa jukwaani alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Wenzake wa timu mpya walisimama wameshika viuno. Kocha alimtoa papo hapo.

"Ulikuwa umelala?"

"Niliitwa, kocha."

"Uliitwa na nani?"

Sindano aligeuka kutazama golini. "Kaa," kocha akasema. Kipa wa akiba, binti ambaye hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, alisogea kwenye benchi na kumfunika mabega kwa taulo. Mchezo ukaisha sare, bila kufungana.

Wenzake walipokuwa wakipanda basi, Sindano alikwenda kusimama nje ya chumba cha timu yake ya zamani. Hakubisha hodi. Mama wa jezi alitoka na rundo la nguo zenye matope, akamwona, akarudi ndani. Baadaye kidogo alitoka Komeo, amefunga barafu kwenye kiwiko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Wakasimama. Sindano alilikaza taulo lililokuwa bado mabegani mwake.

"Ulinihadaa, au ulisahau tu?" akauliza.

"Sikusahau. Niliita makusudi."

"Ili mpate pointi?"

"Pointi nazo zipo." Komeo aliigeuza barafu upande mwingine. "Nilitaka kujua kama bado unanisikia."

"Nilikusikia."

"Nimeona. Umechekwa na uwanja mzima." Mdomo wake ulitaka kutabasamu, ukakataa. "Ungeniambia tu. Ningekufungia mizigo mimi mwenyewe, na kukusindikiza hadi stendi. Ulidhani ningekushika mguu?"

"Niliogopa, dada."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

Sindano akatikisa kichwa, akaanza kusema, na honi ya basi ikalia mara mbili.

"Nenda, wanakuita," Komeo akasema. "Sijakusamehe. Usije ukaenda huko unasema nimekusamehe." Kisha akamrekebishia taulo begani, lililokuwa linateleza, akarudi ndani na kufunga mlango polepole.

Katika basi hakuna aliyemsogelea. Sindano alipata kiti cha mbele, karibu na dereva, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Nyuma wenzake walinong'ona. Redio ilikuwa inasoma matokeo ya ligi, na mtangazaji akafika kwenye mchezo wao, akaanza kusimulia kwa furaha habari za mshambuliaji aliyempa mpira kipa wa wapinzani.

Dereva hakumtazama. Alinyoosha mkono kama anayetafuta kitu kingine, akaizima redio, akaendelea kuendesha.